Siku Fundi Kweli Alipoitwa Mdanganyifu

Shemeji yangu aliitwa mdanganyifu na mashine, na mpaka leo hakuna mtu aliyekuja kumwomba radhi. Nalisema hili mwanzoni ili usije ukasoma mpaka katikati ukidhani nitasikiliza pande zote mbili. Sitasikiliza. Upande wa pili ulipewa nafasi ya kusikiliza ukaikataa, na mimi si mwema kuliko wao.

Huyu shemeji ni mume wa marehemu dada yangu, na kazi yake ni kushona na kukarabati makochi. Mtaani wanamwita Fundi Kweli. Jina hilo halikuanza kama sifa, lilianza kama utani wa wateja waliochoka. Fundi mwingine ukienda kuchukua kochi lako hulipangusa vumbi, hukusaidia kulibeba, mkaagana. Huyu wetu hukukalisha kwanza. Kisha anaanza kukusomea yaliyomo ndani: mguu wa nyuma nimeukuta umeliwa na wadudu, nimeunga kipande, springi za katikati ni zako zilezile za zamani, kitambaa cha chini ambacho hukioni si sawa na cha juu, kile cha juu kiliniishia. Mteja ana haraka zake, mkewe yuko nje anapiga honi, fundi bado hajamaliza habari za mbao. Dada yangu alikuwa akisema ameolewa na mtu anayejishtaki kabla hajakamatwa. Enzi hizo nilikuwa nacheka.

Mimi ni karani katika duka la kuchapa na kutoa kopi, na bosi wangu ni mtu wa kutupa vitu. Kompyuta moja ya pale dukani ilipoanza kukataa kubeba mfumo mpya kwa sababu ya uzee, aliamuru itolewe nje ikasubiri gari la taka. Niliibeba mwenyewe mpaka karakana ya shemeji nikaiwekea Linux, mfumo ambao hauna mwenye duka: unapatikana bure, unatengenezwa na watu wengi kwa hiari yao, na hauiulizi kompyuta umri wake. Nia yangu ilikuwa awe anaangalia picha za makochi ya kisasa, maana alikuwa bado anawashonea watu migongo ya enzi za babu. Aliangalia picha hizo siku mbili tatu. Halafu akagundua magemu, na makochi ya kisasa yakaishia hapo.

Nilimtania sana. Nilimwambia wenzake wa rika lake wanacheza karata na wanalala mapema, yeye na mvi zake anakimbizana na watoto wa watu kwenye kioo. Hakujali. Kilichomsumbua kilikuwa dole gumba lake la kulia, ambalo lilipigwa na stapla ya mbao zamani na tangu hapo halikunjiki. Padi, kile kidude cha kuchezea kinachoshikwa kwa mikono miwili, kinataka madole gumba mawili mazima. Basi akachukua kanyagio la cherehani ya umeme iliyokwisha kufa, akaifungua padi, akaunganisha waya. Linux ikamuuliza tu hiki kigeni ni kitufe kipi. Akaiambia, yakaisha. Mpira wa kijiti cha kushoto ulipochakaa, akakivisha kofia ya ngozi aliyoishona kwa mkono, nadhifu kuliko ule wa kiwandani. Tangu siku ile akawa anaruka na kupiga risasi kwa mguu, ameinama mbele kidogo, kama mtu anayeshona pindo.

Gemu alilolipenda lilikuwa la vikosi. Watu wanne, kila mmoja akiwa kwake, wanaingia pamoja katika mji uliohamwa, wanakusanya vitu na kutafuta njia ya kutoka wakiwa hai. Wanasikilizana kwa maiki. Shemeji hapendi kuziba masikio, kwa hiyo sauti za wenzake zilitoka kwenye spika na kuzunguka karakana nzima, juu ya fremu za makochi na mafungu ya sponji. Ungepita nje ungedhani kuna kikao.

Sasa nimseme mwanawe, maana bila yeye haya yote yangekuwa habari ya mzee na kompyuta yake. Ni mtoto wake wa pekee. Alifundishwa ufundi pale pale karakanani, akawa na mkono mzuri, hata wateja wengine walianza kumuulizia yeye badala ya baba. Siku moja mteja akarudisha kochi. Alikuwa ameambiwa na kijana kwamba sponji yote ni mpya, na mgongo ulikuwa umeshabonyea. Shemeji alichukua kisu, akalipasua kochi mbele ya mteja, akatoa sponji kuukuu, ya manjano, inayomeguka kama mkate uliokauka. Akamgeukia mwanawe mbele ya mteja, mbele ya vibarua, mbele yangu mimi niliyekuwa nimepita kusalimia, akasema katika karakana hii hakuna nafasi ya mdanganyifu.

Hakumuuliza kitu. Kijana aliweka mkasi mezani, akavua aproni, akatoka. Alihamia mji mwingine, akapata kazi kwenye kiwanda cha viti vya ofisi, na kuanzia hapo baba na mwana wakawa wananitumia mimi kama simu. Mwambie namsalimia. Mwambie nami namsalimia. Mwambie ajiangalie na baridi. Miaka ilipita hivyo, na mimi nilikuwa na hasira na wote wawili, ila zaidi na baba. Nilishikilia kwamba kijana hakufanya. Nilikuwa na hoja zangu: huenda mteja mwenyewe alibadilisha, huenda kibarua alikosea fungu. Mtoto wa dada yangu hawezi. Nilimwambia shemeji hivyo mara nyingi, naye kila mara alinijibu kwamba alichokiona amekiona.

Mwishowe nilichoka kubeba salamu. Nikamwambia kijana kwenye simu kwamba baba yake siku hizi anacheza lile gemu la vikosi, Jumamosi jioni, na jina lake humo ni Makochi. Baada ya muda shemeji akaniambia, bila kuniangalia, kwamba kuna mtu anajiita Pakashume ambaye anamfuata kila anapoingia, na amemwokoa kifo mara kadhaa.

"Unamjua?" nikamuuliza.

"Anaanzia kushoto kila nyumba," akasema. "Hata kochi alikuwa anaanza kulipigilia kushoto."

Basi ikawa hivyo. Nilianza kwenda pale Jumamosi na kazi zangu za mkono, nakaa kwenye kochi lolote lililo tayari, nasikiliza. Hawakuitana baba wala mwanangu. Hawakugusa habari ya sponji. Walisema: nyuma yako. Kuna mtu juu ya paa. Subiri, nina dawa, nakuja. Nifuate. Wewe tangulia, mimi nalinda. Mtu asiyewajua angesikia magemu tu. Mimi nilikuwa naficha uso kwenye kitambaa ili shemeji asione ninalia, maana angenitania mwaka mzima.

Ndipo ilipofika ile Jumamosi. Walikuwa wanne kama kawaida, Makochi, Pakashume na vijana wawili wa mbali. Walikuwa wamekwisha pata mzigo, wanautafuta mlango wa kutokea. Ghafla kioo kikawa cheusi, sauti zikakatika, na maandishi mekundu yakaja katikati: Umeondolewa kwa udanganyifu. Chini yake maelezo madogo kwamba akaunti imefungwa, na kwamba wachezaji wenzako wamearifiwa.

Wamearifiwa. Sijui ni nani aliyekaa kwenye kiti chake cha kuzunguka akaona hilo ni wazo zuri. Maana yake ni kwamba kwenye vioo vya wale watatu, kwa rangi hiyo hiyo, palitokea kuwa Makochi ameondolewa kwa udanganyifu.

Shemeji alibaki vile vile, ameinama, mguu juu ya kanyagio. Nilidhani atauliza kompyuta imekuwaje. Akaniuliza, "Shemeji, na yeye ameliona?"

Nikasema bila shaka ameliona.

"Kwa neno hilo hilo nilimfukuza," akasema. "Sasa atasema baba yangu alikuwa mwizi muda wote, ndiyo maana aliwajua wezi." Akazima kompyuta kwa utaratibu, akaenda kufagia mahali ambapo palikuwa pamefagiwa. Hapo nikaelewa kwamba gemu lilikuwa jambo dogo kabisa. Alikuwa ameanza kumpata mwanawe, polepole, kwa "nifuate" na "nakuja", na sasa alikuwa na hakika kwamba amempoteza mara ya pili.

Niliporudi kazini nilisoma mpaka nikaelewa kilichotokea, na kuelewa kukanizidishia hasira. Lile gemu lina mlinzi, programu inayoingia ndani kabisa ya kompyuta yako kupekua kama umeficha vya kukusaidia kudanganya. Kwenye Linux mlinzi huyo haruhusiwi kuzama kila chumba, kwa sababu Linux inamheshimu mwenye nyumba. Kwa muda mrefu wenye gemu walikubaliana na hilo. Halafu kampuni ikabadilisha mlinzi wake, na mlinzi mpya akaamua kwamba nyumba asiyoweza kuipekua yote ni nyumba ya mwizi. Kwamba wapo kweli wadanganyifu wachache waliojificha kwenye Linux, sikatai. Lakini wapo pia waliojificha kwenye mifumo ile mingine, tena wengi, na hakuna aliyewafungia watu wote wa huko. Ni ile ya samaki mmoja akioza wote wameoza, ila wao walichagua kapu la kuozesha, wakachagua lile lenye samaki wachache wasio na wa kuwatetea. Wangeandika tu, samahani, gemu letu halifanyi kazi tena kwenye mfumo wako, tungesikitika tukalala. Wao wakaandika udanganyifu.

Palikuwa na mahali pa kukata rufaa. Nilimwambia shemeji aniachie niandike mimi, maneno machache tu: sikudanganya, natumia Linux, naomba mniangalie upya. Kuandikia watu barua ndiyo kazi inayonilisha. Akakataa. Alisema jina lililochafuliwa ni lake na atalisafisha kwa mkono wake.

Swali la kwanza kwenye fomu ya rufaa lilikuwa hili: je, umewahi kubadilisha kifaa chako au mfumo wa kompyuta yako? Mtu mwingine yeyote angenusa mtego. Shemeji yangu aliona mteja amekaa mbele yake anataka kujua yaliyomo ndani ya kochi. Akamwaga yote. Aliandika kwamba ndiyo, kompyuta hii ilikuwa imetupwa, shemeji yake akaibadilishia mfumo. Ndiyo, padi ameifungua mwenyewe. Ameongeza kanyagio la cherehani kwa sababu ya dole gumba. Kijiti cha kushoto kina ngozi isiyo ya kiwandani. Feni ya kompyuta si yake, imetoka kwenye kompyuta nyingine. Skrubu moja haipo. Kwa ukamilifu kama alivyowazoeza wateja wake, mpaka na skrubu.

Jibu lilikuja upesi kuliko nilivyotegemea, na hilo peke yake lingenitosha kujua halikuandikwa na binadamu. Walimshukuru kwa kukiri. Walisema maelezo yake yamethibitisha kwamba alirekebisha kifaa na mfumo kinyume cha masharti, uamuzi ni wa mwisho, na rufaa nyingine haitapokelewa. Kesi ya ngedere tulimpelekea nyani, na ngedere wetu akaenda amebeba mahindi mkononi kama ushahidi.

Nililisoma jibu hilo dukani, na nikasema maneno ambayo bosi wangu alitoka ofisini kuyasikiliza vizuri. Kumwita mtu mwizi ni jambo moja. Kumwita mwizi kwa sababu amekuwa mkweli kupita kiasi, halafu ukamwambia asante, hilo ni tusi la aina yake. Mtu huyu maisha yake yote hajawahi kumficha mteja msumari. Na aliyemhukumu ni kitu kisichojua hata dole gumba ni nini.

Yeye hakupiga kelele. Alisema tu, "Niliwaambia kweli."

"Uliwaambia, shemeji," nikamjibu. "Na imekuponza."

Nilitaka kumpa tumaini lolote, kwa hiyo nikamletea habari ya magemu ya mawinguni. Hapo gemu haliko kwenye kompyuta yako, linaendeshwa kwenye mashine za kampuni huko mbali ziliko, na wewe unaletewa picha kwa intaneti na kurudisha unachobonyeza. Mlinzi hana sababu ya kukupekua kwa sababu nyumba ni yake mwenyewe. Shemeji akauliza mvua ikinyesha je, na kwa kuwa ulikuwa utani wake wa kwanza tangu siku ile, nilicheka kuliko ulivyostahili. Yeye hakuwa tayari kufungua jina jipya, alisema anayebadilisha jina ndiye anayekimbia, basi nikampa jina langu akajaribu nalo.

Ilikuwa aibu. Intaneti ya karakana ni ile ya simu yangu, na picha zilifika zikiwa zimechoka na safari. Alibonyeza kuruka, yule mtu wake akafikiria kwanza, akaruka adui ameshaondoka, au hakuruka kabisa. Kanyagio ndiyo kabisa halikutambuliwa: padi waliijua, nyongeza ya fundi hawakuijua, na hapakuwa na wa kumwelezea. Akalazimika kutumia dole lake bovu. Aliuawa mara nyingi na watoto waliomcheka, kisha akaiweka padi chini taratibu. Jino la pembe si dawa ya pengo. Na Pakashume hakuwemo. Angejuaje kwamba huyo anayekufakufa kwa jina langu ni baba yake?

Baada ya hapo shemeji alichukua kipande cha kitambaa cha makochi, akaifunika kompyuta, kama wanavyofunika vitu vya nyumba iliyofungwa. Alirudi kwenye kazi. Jumamosi nilipokwenda alikuwa anapigilia misumari hadi jioni, na karakana ilikuwa na mlio wa nyundo tu. Nilimwambia nimpigie kijana nimweleze. Akanikatalia kwa ukali ambao hajawahi kunionyesha, akasema mtu mzima hatumi wakili kwa mwanawe.

Bila shaka nilimwandikia kijana bila yeye kujua. Nilimwandikia ujumbe mrefu kuliko yote niliyowahi kuandika: Linux, mlinzi, kanyagio, rufaa, skrubu, yote. Hakujibu. Nikapiga, hakupokea. Siku zikapita, ikawa wiki, zikawa wiki kadhaa, na hasira yangu ikahama kutoka kwa kampuni ikamwangukia yeye. Nilisema basi, mkuki kwa nguruwe mtamu, na huyu amefurahi kuuona umegeuka. Nilisema mtoto huyu nimembeba mgongoni, nimemtetea kwa baba yake miaka yote, na leo baba yake amechafuliwa jina anakaa kimya kama jiwe. Niliyasema hayo mbele ya kioo, mbele ya jiko, mbele ya mashine ya kopi.

Jibu lilipokuja lilikuwa fupi. Mama mdogo, shikamoo, samahani kwa kimya. Mwambie baba awashe kompyuta Jumamosi. Kuna gemu dogo la watu wawili, limetengenezwa na watu watatu tu wasio na kampuni kubwa nyuma yao, linachezeka vizuri kwenye Linux, nimeshamtumia kama zawadi. Niliwaandikia kuuliza kama kanyagio litakubalika. Walisema chochote chenye kitufe kinakubalika, na mmoja wao anaomba picha ya kanyagio lenyewe.

Nilisoma mara mbili mahali pale pa kuomba picha. Watu watatu, kazi yote ni yao, usingizi wanaoukosa ni wao, wamepata muda wa kumjibu mtu na kutamani kuona ufundi wa mzee wasiyemjua. Na kampuni yenye majengo ilikosa mtu mmoja wa kusoma habari ya dole gumba.

Jumamosi hiyo shemeji hakutaka. Alisema ana kochi la watu. Nikaifunua kompyuta mwenyewe, nikaiwasha mwenyewe, nikamvutia kiti, nikamwambia asipokaa nitakaa mimi na nitamtia aibu mbele ya mwanawe kwa jinsi ninavyocheza vibaya. Akakaa. Mguu ukalitafuta kanyagio wenyewe.

Gemu lilikuwa jepesi kulielewa. Watu wawili wana mkokoteni uliojaa vyombo vya nyumba, wanaupandisha mlima. Mmoja anavuta mbele, mwingine anasukuma nyuma, na huyu wa nyuma ana jiwe la kuweka chini ya gurudumu wakitaka kupumzika. Ukiliachia jiwe, mkokoteni unarudi wote mpaka bondeni. Hakuna wa kupiga wala wa kuua. Shemeji alikuwa nyuma, na jiwe lake lilikuwa chini ya mguu wake, kwenye kanyagio.

Walianza bila salamu. Kijana alisema vuta, baba akasema sukuma. Kulia kidogo. Pole pole, kuna shimo. Walifika karibu nusu ya mlima, wakasimama kupumzika, shemeji akakanyaga, mkokoteni ukatulia. Kisha kijana akasema neno ambalo hakuwahi kulisema humo tangu waanze kucheza pamoja.

"Baba," akasema. "Nataka kukuuliza kitu. Ulidanganya?"

Nilinyanyuka kwenye kochi. Baada ya ujumbe wote ule niliomwandikia, baada ya skrubu, bado ana mdomo wa kumuuliza baba yake swali hilo? Nilikuwa nimeshafungua kinywa kumpa zake, shemeji akainua mkono bila kugeuka, ule wenye dole bovu, nikanyamaza.

"Hapana," akasema. "Sikudanganya."

"Sawa," kijana akasema. "Nilijua. Mama mdogo alishanieleza. Ila nimeona si haki nisikuulize mwenyewe. Nilichelewa kwa sababu sikujua nitakuulizaje."

Mguu wa shemeji ulitoka kwenye kanyagio. Kwenye kioo mkokoteni ukaanza kurudi, kwanza taratibu, halafu kwa kasi, vitanda na masufuria vikiruka huku na huku, mpaka chini kabisa ulikoanzia. Hakuna aliyecheka na hakuna aliyeuangalia.

"Mimi sikukuuliza," shemeji akasema.

Akarudisha mguu kwenye kanyagio.

"Ningekuuliza siku ile, ungeniambia nini?"

"Ningekuambia ndiyo," kijana akasema. "Niliweka sponji kuukuu, nikamwambia mteja ni mpya. Nilidanganya, baba."

Nikakaa. Miaka yote nimemtetea, nimemtukania mteja wa watu, nimewasingizia vibarua.

"Kwa nini?" shemeji akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ile mpya nilikuwa nimeikata vibaya. Ikaharibika yote. Nikaogopa kukuambia. Sikuwahi kukuona wewe umekosea kitu, hata siku moja."

Shemeji alikaa akitazama mikono yake. Nilidhani ataanza kulia, na mimi nilikuwa nimeshaanza.

"Uliikata vibaya wapi?" akauliza.

"Kwenye kona ya mgongo. Pale inapopinda."

"Pale," shemeji akasema. "Pale mimi nimeharibu mapande mengi ya sponji kuliko wewe, nilikuwa nayaficha usije ukayaona. Yapo hapa juu ya dari mpaka leo. Njoo uyaone."